Laptopu Imegoma "Kurudi Nyuma"? Wasee wa Likoni, Kisauni na Changamwe, Chekini Hizi Njia Kabla ya Kumbebea Fundi

Ni tarehe 28 Juni. Saiba yako pale Magongo imejaa, kila mtu anataka kupiga returns za KRA kabla tarehe 30 ifike. Ile mashine moja unayoitegemea ilifanya apdeti usiku na sasa printa haionekani, skrini inapepesa, na kila dakika mbili inajizima. Unakumbuka kuna kitu inaitwa System Restore, ile ya kurudisha kompyuta vile ilikuwa wiki jana. Unabonyeza. Inazunguka dakika arobaini. Halafu inakutemea maneno: "System Restore did not complete successfully."

Hapo ndipo wengi hukata tamaa, wanaitia mashine kwa begi na kuelekea kwa fundi. Wa Likoni anapanga laini ya feri, wa Kisauni anavuka daraja la Nyali, wa Changamwe anapambana na malori hadi Makupa. Jioni anarudi na Windows mpya safi kabisa, lakini picha, assignment na skani za wateja zote zimefutwa.

Tulia kwanza, mwanangu. Mara nyingi hii kitu ikigoma huwa na sababu inayojulikana, na unaweza kuitatua ukiwa umekaa hapo hapo kwako.

Kwanza jua hii kitu inafanya nini

System Restore iko ndani ya Windows tangu Windows Me ya mwaka 2000. Kazi yake ni kuweka pointi za kurudi. Kila pointi ni kumbukumbu ya vile sistemu ilikuwa siku hiyo: rejista, faili za Windows, draiva na programu. Ukirudi kwenye pointi, hivyo vitu vinarudi vilivyokuwa.

Sasa shika hii vizuri maana inachanganya watu wengi. System Restore haigusi mafaili yako. Notes za chuo, picha na Excel ya duka zinabaki palepale. Na kwa sababu hiyo hiyo, kama ulifuta assignment kwa bahati mbaya, usitarajie System Restore ikurudishie. Hii si bakapu.

Kitakachotoka ni programu na draiva ulizoweka baada ya ile pointi. Kabla ya kukubali, kuna mahali pameandikwa "Scan for affected programs". Bonyeza hapo, itakuonyesha zipi zitatoka na zipi zitarudi.

Kabla ya kugusa chochote, okoa mali yako

Kama Windows bado inawaka, hata kwa kusuasua, chomeka flashi au hadi diski ya nje na utoe vitu vya maana sasa hivi. Folda ya Documents, Desktop, Downloads na Pictures. Usiseme "nitatoa baadaye". Kama tatizo ni diski inayokufa, kila dakika unayojaribu kurekebisha unaichosha zaidi, na unaweza kupata nafasi moja tu ya kuisoma.

Kama haiwaki kabisa, tafuta msee mwenye flashi ya Linux, kwa mfano Ubuntu. Unawasha mashine kupitia ile flashi bila kuiweka ndani, unafungua diski yako kama folda ya kawaida na unakopi. Haihitaji paswodi ya Windows, isipokuwa diski iwe imefungwa na BitLocker. Hiyo tutaifikia.

Na chomeka chaja. Laptopu nyingi mtaani betri zimeshazeeka, zinaishi kwa waya tu. Stima ikipotea katikati ya System Restore, umeongeza tatizo juu ya tatizo. Sisi hapa tunajua mambo ya stima. Agosti 25, 2023 giza liliingia karibu nchi nzima usiku mmoja, na kukatika kwa mtaa mmoja mmoja ndiyo maisha yetu. Kama betri yako haishiki na mtaa wako stima inapepesa siku hiyo, ngoja, au peleka mashine mahali penye UPS.

Shida ya kwanza: hakuna pointi hata moja

Unafungua, inakwambia hakuna restore point kwenye diski. Hapa mashine haijaharibika. Hakuna kitu kilichowahi kuhifadhiwa, ama kilihifadhiwa kikafutwa. Sababu ni hizi:

Moja, ulinzi ulikuwa umezimwa. Kwenye Windows 10 na 11 mara nyingi unakuta uko off tangu siku ya kwanza, na hakuna mtu wa kukuambia.

Mbili, diski imejaa. Pointi zinakaa kwenye nafasi maalum. Nafasi ikiisha, Windows inafuta ya zamani kwanza ili kuweka mpya. Kwa laptopu ya 128GB iliyojaa movie na beats, usishangae.

Tatu, zimepitwa na wakati. Kuanzia apdeti ya Juni 2025, Windows 11 toleo la 24H2 linaweka pointi kwa siku 60 pekee. Za zaidi ya hapo zinaenda.

Nne, uliweka zile programu za "kusafisha na kuharakisha kompyuta". Nyingine hufuta pointi zikidhani ni takataka, halafu zinajisifu zimekuokolea 10GB.

Kama ni hivi, System Restore haina dawa leo. Ruka hadi sehemu ya mwisho, kwenye "Reset this PC". Lakini kama pointi zipo na zinagoma kufanya kazi, endelea nami.

Shida ya pili: inaanza, inafika njiani, inakufa

Hii ndiyo inasumbua wengi. Usirudie njia ile ile mara sita ukitarajia jibu tofauti. Fuata hizi ngazi.

Ngazi ya kwanza ni antivirusi. Ukiona namba 0x80070005, maana yake ni kwamba System Restore ilinyimwa ruhusa ya kugusa faili fulani. Mara nyingi mlinzi ni antivirusi uliyoweka mwenyewe. Toa intaneti kwanza, izime kwa muda, jaribu tena, halafu uiwashe ukimaliza.

Ngazi ya pili ni pointi nyingine. Weka alama pale "Show more restore points", uchague ya zamani kidogo. Ikikuambia imeshindwa kutoa faili fulani kutoka kwenye pointi, huenda hiyo pointi yenyewe ndiyo imeoza, na iliyo nyuma yake ni nzima.

Ngazi ya tatu ni Safe Mode. Hapa Windows inawaka na vitu vichache tu, kwa hivyo wale wanaoingilia kazi wanakuwa wamelala. Shikilia Shift ukibonyeza Restart. Ikija skrini ya bluu, nenda "Troubleshoot", "Advanced options", "Startup Settings", kisha "Restart". Orodha ikitokea, bonyeza 4. Ukishaingia, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika rstrui na upige Enter. System Restore itafunguka.

Ngazi ya nne ni kuifanyia nje ya Windows kabisa. Kuna chumba kidogo cha matibabu ndani ya kompyuta kinaitwa WinRE, ile skrini ya bluu tuliyopita sasa hivi. Nenda "Troubleshoot", "Advanced options", halafu "System Restore". Hapa Windows yako haijawaka, kwa hivyo hakuna faili iliyoshikwa na programu nyingine. Namba kama 0x80070091, inayotokea folda ya WindowsApps ikikataa kuandikwa upya, inahusu folda ambayo ni rahisi kuishughulikia ukiwa huku kuliko ukiwa ndani.

Tena kuna mtego unaojulikana hadi kwa Microsoft wenyewe. Ukiwa Windows 10, ukiweka apdeti halafu ukarudi nyuma ukianzia ndani ya Windows, draiva na vyeti vyake vinaweza kuchanganyika matoleo. Mashine inawaka na skrini ya makosa yenye 0xc000021a, na inarudia hivyo hivyo. Ushauri wao ni kurudi ukianzia WinRE. Kama umeshanaswa, ingia "Startup Settings", bonyeza 7 ili kuzima ukaguzi wa sahihi za draiva, na uache mashine iwake imalizie kazi.

Angalizo moja: ukirudi nyuma ukiwa ndani ya Windows kawaida na usipende matokeo, unaweza kutengua. Ukifanya kwa Safe Mode au WinRE, kutengua hakuna. Ndiyo maana tumetoa mali kwanza.

Na ikikwama kwenye "Restoring registry", usiivamie na kitufe cha kuzimia baada ya dakika kumi. Mashine ya hadi diski ya zamani inaweza kuchukua saa nzima na iko sawa. Cheki ile taa ya diski. Ikiwa bado inapepesa, kazi inaendelea. Nenda ukanywe mahamri na chai.

Shida ya tatu: haikubali hata kufunguka

Namba 0x81000203 ni ishara kwamba wafanyakazi wa nyuma wamezimwa. System Restore inategemea huduma inayoitwa Volume Shadow Copy, ndiyo inayopiga ile picha ya diski. Zile programu za "kufanya Windows iwe nyepesi kwa gaming" hupenda kuizima.

Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika services.msc. Tafuta "Volume Shadow Copy" na "Microsoft Software Shadow Copy Provider". Zikiwa zimeandikwa "Disabled", ingia ndani uziweke "Manual". Si lazima ziwe zinawaka muda wote, zinaamka zikiitwa. Zima na uwashe mashine, jaribu tena.

Kwa laptopu ya kazini au ya chuo, huenda ni wale wa IT wameifunga makusudi. Hapo usijifanye shujaa, waulize.

Shida ya nne: faili za Windows au diski zimeoza

Hii inatupata sana. Stima inapotea katikati ya apdeti, mashine isiyo na betri inazimika ghafla, faili zinaandikwa nusu. Ongeza joto letu, unyevu wenye chumvi wa bahari, na lile vumbi la malori ukiwa Changamwe au Port Reitz. Feni ikiziba, mashine inachemka na kujizima hovyo. Ni mduara mbaya.

Andika cmd kwenye sehemu ya kutafuta, bonyeza upande wa kulia na uchague "Run as administrator". Kisha weka amri hizi, moja baada ya nyingine:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

sfc /scannow

Ya kwanza inarekebisha stoo ya vipuri vya Windows. Kwa kawaida inavivuta kutoka mtandaoni, kwa hivyo hakikisha bando iko. Ya pili inakagua faili za sistemu na kubadilisha zilizoharibika kwa kutumia ile stoo. Ndiyo maana mpangilio ni huo. Ukitanguliza sfc na stoo yenyewe ni mbovu, itachukua kipuri kibovu ama ikose kabisa.

Kisha cheki diski kwa hii:

chkdsk C: /scan

Inakagua bila kuzima mashine. Ikisema kuna makosa, utapangiwa marekebisho ukiiwasha tena. Lakini kama diski inatoa sauti ya kugonga, au kufungua folda moja kunachukua dakika, wachana na marekebisho. Hiyo inahitaji kubadilishwa. Toa mali yako na uanze kutafuta SSD.

Shida ya tano: chumba cha matibabu chenyewe hakipo

Laptopu nyingi tunazotumia ni ex-UK. Zimefanya kazi ofisini huko, zikasafishwa, zikaja. Katika kusafishwa au kuwekwa Windows upya, sehemu ya diski inayobeba WinRE mara nyingine hufutwa au huachwa bila kuunganishwa. Unashikilia Shift na Restart, unaingia, chaguo zote za maana hazipo.

Fungua ile cmd ya administrator, andika:

reagentc /info

Ukiona "Disabled", andika reagentc /enable. Ikikubali, umepona. Ikikataa kwamba faili haipo, tumia flashi ya Windows. Kwa kompyuta nyingine, pakua Media Creation Tool kutoka tovuti ya Microsoft, weka flashi tupu ya angalau 8GB, ikuandalie. Faili ni ya gigabaiti kadhaa, kwa hivyo tafuta wifi, usichome bando lako. Ukiwasha mashine kwa hiyo flashi, usibonyeze kuinstoo. Tafuta "Repair your computer". Utapata chumba kile kile cha matibabu, na System Restore ndani yake.

Na kama uliwahi kuingia humo ukakuta kibodi na mausi zimekufa, hukurogwa. Apdeti ya Oktoba 14, 2025 ya Windows 11, matoleo ya 24H2 na 25H2, iliua vifaa vya USB ndani ya WinRE. Windows ikiwa inawaka vifaa vinafanya kazi fiti, ukiingia kwa matibabu haviitiki. Microsoft walitoa dawa Oktoba 20. Kwa hivyo apdeti mashine ukiwa mzima, usingoje ugonjwa.

Shida ya sita: inadai namba 48

Unaingia WinRE, inakudai "recovery key" ya BitLocker. Ni tarakimu 48. Diski yako imefungwa, na bila hizo namba si fundi, si flashi ya Linux, si mtu yeyote ataifungua.

Wengi hawajui kama imefungwa. Windows 11 toleo la 24H2 likiwekwa upya kwenye mashine inayokubali na ukaingia kwa akaunti ya Microsoft, linaweza kufunga diski lenyewe. Funguo mara nyingi imehifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Chukua simu, ingia aka.ms/myrecoverykey kwa email uliyotumia siku ya kwanza, linganisha kitambulisho cha funguo na kile kilicho kwa skrini. Kama aliyekuuzia ndiye aliyeingia na email yake, mpigie mapema, kabla hajabadilisha namba.

Dunia iliona hii shida Julai 19, 2024. Apdeti mbovu ya CrowdStrike iliangusha kompyuta kama milioni 8.5 za Windows. Dawa ilikuwa kuingia Safe Mode na kufuta faili moja tu. Lakini kwenye mashine zilizofungwa na BitLocker, watu wa IT walilazimika kusaka funguo za tarakimu 48 kabla hata ya kugusa hilo faili. Kama makampuni makubwa yalisumbuka hivyo, wewe iandike yako kwa karatasi leo.

Umejaribu zote, bado

Kuna "Reset this PC". Ndani yake chagua "Keep my files". Windows inajiweka upya, mafaili yako yanabaki, ila programu zote zinaondoka. Usiamini hiyo kama bakapu, fanya ukiwa umeshakopi.

Ikibidi uende kwa fundi, mwambie mapema, tena kwa maandishi ya WhatsApp: "Usifomati bila kuniuliza." Muulize kama atakopi data kabla, na ataiweka wapi. Kwa wenye saiba hili ni zito zaidi. Ile diski ina skani za vitambulisho, PIN za KRA na vyeti vya watu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na wewe uliyepokea hizo karatasi ndiye unayezibeba. Zikivuja, mteja atakujia wewe, hatamtafuta fundi.

Ikishapona, fanya hivi

Andika "Create a restore point" kwenye sehemu ya kutafuta. Chagua diski C, bonyeza "Configure", washa "Turn on system protection", sukuma nafasi iwe asilimia 5 hadi 10. Rudi, bonyeza "Create", ipe jina kama "kabla ya apdeti". Imeisha. Rudia kila ukitaka kuweka draiva au programu usiyoiamini.

Mafaili yako weka mahali pawili: moja mtandaoni, moja kwa diski ya nje ambayo haikai imechomekwa. Na kama bado uko Windows 10, jua msaada wake wa kawaida uliisha Oktoba 14, 2025. Kama mashine inakubali 11, panga kuhama. Kama haikubali, Microsoft wana mpango wa apdeti za usalama hadi Oktoba 13, 2026 kwa watu wa kawaida, unajiandikisha ndani ya Windows Update.

Hiyo pointi ya kwanza inachukua dakika mbili kuweka. Iweke leo, stima ikiwa bado iko.